Pua ya Shangazi

Tuseme ukweli kabla ya yote: yule dobi alikuwa na pua mbaya. Si mbaya ya kutazama, maana kwa kutazama ilikuwa pua ya kawaida tu, fupi, yenye jasho kidogo kwa ajili ya mvuke wa pasi. Ubaya wake ulikuwa kazini. Ilinusa kila kitu na haikusamehe kitu. Ukimpelekea shati lako alilinusa kwapani, akalinusa kwenye ukosi, kisha akakuinulia macho wewe mwenye shati, na hapo hapo ukajua kwamba anajua ulichokula juzi. Mtaani walimwita Mama Pua, ingawa hakuwa na mtoto. Mwenyewe alijua na wala hakujali. "Bora pua yangu kuliko shingo zenu," alikuwa akisema, huku anasugua.

Kinyaa chake kilikuwa na sheria. Hakula kwa watu. Hakukalia kiti chenye joto la mtu mwingine. Kikombe chake cha bati, chenye mfuniko wa buluu, kilining'inia peke yake kwenye msumari juu ya meza ya pasi, na ole wako ukikigusa. Kikombe cha mtu mwingine ndiyo usiseme, hata kiwe kimechemshwa. Na utelezi wa aina yoyote, wa sabuni iliyolowa, wa kamasi au wa bamia, ulimpandisha nyongo. Tangu apange vyumba vile viwili, kimoja cha kazi na kimoja cha kulala, bamia haikuwahi kuvuka kizingiti.

Katika watu wote aliokuwa akiwaonea kinyaa, wa kwanza alikuwa wifi yake. Mke wa mdogo wake alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye kicheko kinene, aliyeweza kumfuta mtoto kamasi kwa kidole kisha kidole akakipangusa kwenye gauni lake mwenyewe, hivihivi, akiendelea na mazungumzo. Dobi alilishuhudia jambo hilo mara moja tu. Tangu siku hiyo, kila alipoalikwa kula kwa mdogo wake, alikuwa ameshiba.

Basi Jumatatu moja asubuhi wifi huyo akashikwa na tumbo. Kidole tumbo. Alipasuliwa siku hiyohiyo, na mumewe, fundi umeme ambaye hata maji ya chai alikuwa akiyaunguza, hakuwa na pa kumpeleka mtoto ila kwa dada yake. Alifika mlangoni kamshika binti mkono, mfuko wa nguo begani.

"Dada, ni siku chache tu."

"Ameoga?"

"Dada, mama yake yuko chumba cha upasuaji!"

"Nimeuliza ameoga."

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka minne, na ukoo mzima ulimwita Kipilipili kwa sababu ya nywele zake. Zilikuwa nyingi, nyeusi, zimejikunja punje punje, na zilikuwa na tabia moja: ukigeuka tu kufunga mlango, zimeshashikana. Siku hiyo mama yake alikuwa amemsokota mafungu manne yanayong'aa. Dobi aliinama, akanusa. Kulikuwa na harufu asiyoijua, kama ya majani yaliyokaa kwenye sufuria. Akagusa kwa ncha ya kidole. Kidole kikateleza.

"Akh!" Pua ikajikunja, upande wa kushoto kwanza, kama kawaida yake. "Mama yako anakupaka uchafu gani huu? Kinyaa!"

"Kinyaa ni nani?" mtoto akauliza.

"Utamjua tu."

Ndani ya mfuko wa nguo alikuta chupa ndogo iliyokuwa ya jamu. Kilichomo kilikuwa cha kijani kilichofifia, kizito, na alipoinamisha chupa kilivutika taratibu mithili ya kamasi la mtu mwenye mafua ya wiki mbili. Dobi hakungoja maelezo. Alikimbia nacho uani, akakimwaga kwenye mtaro akiwa kageuza uso, akapiga tako la chupa mpaka kikatoka chote. Chupa akaichemsha. Kisha, kwa kuwa moyo haukutulia, akaitupa.

Kesho yake jioni wifi akapiga simu, sauti imekauka kwa dawa.

"Wifi, kale kachupa umekaona?"

"Nimekaona."

"Basi umpake kwanza, ndipo umfumue, ndipo umwoshe. Usimwoshe hivihivi, wifi. Zile nywele zikipata maji kabla ya kile kitu zinagandana, utalia."

"Mimi nimeosha vya watu miaka kumi na tisa."

"Najua, wifi, lakini..."

"Lala upone. Ukitoka utamkuta mwanao amependeza mpaka umwulize jina."

Maneno hayo aliyasema kwa kinywa chake mwenyewe, na ulimi hauna mfupa.

Jumamosi akamwosha. Alimwosha anavyojua yeye kuosha, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia. Sabuni ya mche. Akafikicha kwa kuzungusha viganja, duara baada ya duara, kama anavyofikicha ukosi wa fundi magari. Akakamua. Akasuuza mara tatu, akafikicha tena, akasugua kwa taulo. Ukutani kwake, juu ya beseni, palikuwa na kibao alichokiandika kwa mkono wake kwa ajili ya wateja wabishi: SUFU HAIFIKICHWI. Dobi yeyote anajua kwamba sweta la sufu ukilitia maji ya moto, ukalipaka sabuni na kulisugua, linajikunyata na kushikana likawa bonge, na bonge hilo halifunguki. Alimwosha mtoto chini ya kibao hicho, akipiga mluzi.

Alipoondoa taulo, mafungu manne yalikuwa yamekuwa moja.

Alijaribu chanuo. Chanuo likapoteza meno mawili na mtoto akapiga yowe mpaka jirani akaja kuchungulia. Akajaribu mafuta, yakakaa juu juu. Mwisho akafanya kile anachofanya kila mtu aliyeharibu kitu cha watu: akakifunika. Alimfunga Kipilipili kitambaa chekundu kichwani, akamwambia ni urembo.

Huko hospitali nako mambo yakaenda mrama. Kidonda cha wifi kikatunga usaha, na siku chache zikawa wiki mbili. Kila jioni simu ililia. "Nywele zake zikoje, wifi?" "Ziko palepale," dobi alijibu, na kusema kweli hakudanganya.

Ilikuwa Jumatano ya wiki ya pili, dobi anapiga pasi shuka, mtoto akapita karibu kuchukua mwanasesere wake. Pua ikageuka yenyewe. Harufu ile hakuna aliyeijua kumshinda: nguo iliyolala na maji. Ni harufu inayokaa ndani ya nyuzi, nzito, chachu, ile ambayo wateja wakimletea alikuwa anawarudishia mfuko wao kwa vidole viwili. Aliinua kila nguo kapuni. Akachungulia nyuma ya beseni, chini ya meza, ndani ya pipa. Pua ikamwongoza hatua kwa hatua mpaka ikasimama juu ya kitambaa chekundu.

Alikifungua. Bonge lilikuwa limekauka juu, lakini ndani lilikuwa bichi bado, lina vuguvugu. Alikuwa amewatukana watu mtaa mzima kwa harufu hiyo, na leo ilikuwa kazi ya mikono yake, juu ya kichwa cha mtoto wa mdogo wake.

Siku hiyohiyo mwalimu wa chekechea alikuwa amempa mtoto barua. Ilisema kichwa kinatoa harufu, wenzake hawataki kukaa naye, na Jumatatu aje amechanwa au amenyolewa. Na wifi alikuwa anatoka hospitali Jumamosi.

"Mnyoe tu, dada," mdogo wake akasema kwenye simu. "Nywele si zinaota?"

Alhamisi mchana wakaenda kwa kinyozi. Kipilipili aliwekwa kwenye ubao uliolazwa juu ya mikono ya kiti ili afikie kioo. Hakulia. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akauliza tu:

"Nikinyolewa, mama atanijuaje?"

"Atakujua kwa sura, mwanangu."

"Mama hatumii sura. Mama anafumba macho, ananishika hapa, anasema, huyu ni wangu." Akajionyesha pale utosini, katikati ya bonge.

Kinyozi, ambaye alishasikia vilio vya kila namna, akakung'uta shuka lake amfunge mtoto shingoni, na hapo ndipo dobi alipoliona. Ukingo wa juu ulikuwa na pete ya rangi ya kahawia inayong'aa, mafuta ya shingo mia, shingo juu ya shingo, na katikati ya pete zimenata nywele fupifupi za watu asiowajua.

"Shuka hili linafuliwa lini?"

"Linakung'utwa, mama."

"Nimeuliza linafuliwa."

Kinyozi akacheka, akawasha mashine. Kwenye meno ya mashine kulikuwa na mvi za mzee aliyetoka sasa hivi. Dobi alimnyanyua mtoto kwenye ubao, akatoka naye mbiombio bila hata kwaheri. Basi tusidanganyane kwamba upendo ndio uliookoa nywele zile siku hiyo. Ni kinyaa.

Walipofika nyumbani alikaa akiitazama simu kwa muda mrefu. Mficha uchi hazai, akajiambia, na yeye kweli hakuzaa. Akapiga.

"Wifi."

"Abee, wifi."

"Ule utelezi wako. Unatengenezwaje?"

Wifi akasema, "Umeumwaga."

"Nimeumwaga."

"Lini?"

"Siku ileile."

"Na nywele?"

Dobi akamweleza yote, mpaka kibao cha sufu. Upande wa pili ikasikika sauti ya kukwama kwama, akadhani wifi analia. Kumbe anacheka, kicheko cha mtu aliyejishika tumbo kwa mikono miwili. "Usinichekeshe, wifi, nyuzi zitaachia! Umemfua mwanangu! Sikiliza. Chukua bamia kumi na tano, katakata, chemsha mpaka maji yawe mazito. Zikipoa, kamua kwenye soksi."

"Kwenye nini?"

"Soksi. Ndiyo inayozuia mbegu."

"Soksi ya nani?"

"Soksi safi, wifi! Si wewe ndiye dobi?"

Bamia ikavuka kizingiti. Alimwomba mwenye kuuza azitie mwenyewe mfukoni, akazikata akipambana na pumzi yake, akazichemsha dirisha wazi. Kazi ya kupika si kitu. Shughuli ilikuwa kwenye kukamua. Alipiga moyo konde, akaikamata soksi iliyovimba, akaminya. Utelezi ukatoka kupitia vidole, wa vuguvugu, ukaning'inia nyuzi ndefu zisizokatika, ukateremka mpaka kiwiko. Mara mbili alitoka nje kutema mate. Mara mbili akarudi.

"Shangazi, unalia?"

"Silii. Natapika kwa macho."

Akampakata, akachota, akapaka. Alianzia nchani, kwa vidole tu, akivuta unywele mmoja kutoka kwa mwenzake kwa subira ambayo hakuwahi kumpa mteja. Siku ile walifanya mpaka jua likazama. Ijumaa aliweka kibao cha NIMEFUNGA mlangoni, wakaanza tena asubuhi. Na bonge likaanza kusalimu amri na kutema vilivyomo. Pipi iliyonyonywa nusu. Nyuzi za blanketi la mteja. Bawa la mende. Punje ya harage, na hii, kwa unyevu wa mle ndani, ilikuwa imeshaanza kuota. Kila kitu alikiweka kwenye kisahani.

"Akh! Kinyaa!" alisema kwa kila kimoja.

Mwanzo mtoto alimfuatisha. Kufika mchana alikuwa anamtangulia. Kinatoka kitu, pua ndogo inajikunja, upande wa kushoto kwanza: "Akh! Kinyaa!" Dobi alicheka mpaka ikabidi aweke chanuo chini. Katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kufanana naye. Akafurahi, tena akafurahi sana, na akaanza kutafuta vitu vidogo vidogo makusudi amwonyeshe ili aione tena ile pua. Na kwa kuwa mdomo uliozoea hauachi, katikati ya kicheko akawa anachomekea yake.

"Mama yako huyu naye. Anakushika hata hajanawa."

"Mama ni kinyaa?"

"Mtu akitoka nje anawe kwanza. Geuka huku."

Ijumaa jioni chanuo lilipita kutoka kwenye ngozi mpaka nchani bila kukwama. Aliziosha kwa maji ya uvuguvugu, bila kufikicha, akamsuka mistari sita iliyonyooka, akanusa. Zilinukia nywele za mtoto, basi. Alilala akiwa na mgongo unaouma na moyo mweupe.

Jumamosi saa nne wifi akaja, kamwegemea mumewe, amepungua mpaka gauni linampwaya. Pua ya dobi ilimpokea tangu mlangoni: dawa, jasho la kitandani, na chini yake, kwa mbali, kidonda. Kwa mara ya kwanza ilinyamaza. Alimkalisha kwenye kochi, akampa chai kwenye kikombe cha wageni na kipande cha mkate. Wifi akachovya mkate, akanywa nusu, akaweka chini.

"Yuko wapi Kipilipili wangu? Njoo nikujue."

Akafumba macho. Akanyoosha mikono miwili mbele, viganja chini, akasubiri, midomo tayari inatabasamu.

Mtoto akatoka chumbani na mistari yake sita inang'aa. Akakimbia hatua tatu. Akasimama. Pua ikajikunja, upande wa kushoto kwanza.

"Akh! Kinyaa! Mama unanuka. Kanawe kwanza!"

Akamgeukia shangazi yake, macho yanang'aa, akingoja acheke kama jana.

Mikono ya wifi ilibaki hewani. Akafumbua macho, na hakumtazama mtoto. Alimtazama dobi. Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo ingekuwa nafuu. Fundi umeme, aliyekaa kando ya mkewe, alicheka kidogo, akaona hakuna mwenzake, akaacha, akasimama akajifanya anaangalia swichi ya taa. Wifi akaishusha mikono taratibu mapajani, akaipangusa kwenye gauni, akaipangusa tena, utadhani kweli ina kitu.

Dobi alisikia sauti yake mwenyewe ikiwa bado imo mle chumbani, imetoka kwenye kinywa chenye meno ya maziwa, na ikamchefua kuliko soksi, kuliko shuka la kinyozi, kuliko shingo zote alizowahi kusugua. Alitaka kumkemea mtoto. Akakumbuka kwamba Kipilipili hakujifunza kwa kuambiwa, alijifunza kwa kuitazama pua. Hata sasa alikuwa anaitazama.

Akaenda akakaa kwenye kochi, pale pale mdogo wake alipotoka, penye joto. Akakichukua kikombe cha wifi. Makombo ya mkate yalikuwa yamelegea na kuvimba, yanaelea, na ukingoni palikuwa na alama ya midomo. Angeweza kukigeuza upande wa pili. Hakukigeuza. Akaweka midomo yake juu ya alama ile, akanywa. Kombo likamteleza ulimini, laini. Tumbo likapanda mpaka kooni, akalirudisha. Pua ikataka kujikunja, akaizuia kwa nguvu zake zote, mpaka machozi yakamlenga. Akanywa mpaka chini, akaweka kikombe mezani.

Mtoto alikuwa hajaondoa macho.

"Shangazi. Umekunywa cha mama."

"Nimekunywa."

"Si kinyaa?"

"Si kinyaa. Ni chai ya mama yako."

Kipilipili akafikiri. Alimtazama shangazi puani, upande wa kushoto, akangoja kidogo aone kama itabadilika. Haikubadilika. Ndipo akamsogelea mama yake, akainamisha kichwa mbele ya magoti yake.

"Fumba macho tena, mama," akasema. "Hujanijua bado."